Mchwa Achagua Vitabu vya Likizo

3 Machi

Mchwa wangu ndiye atakayechagua vitabu vya likizo vya mkoa mzima! Si vya mtaa, si vya tarafa. Mkoa mzima, wifi, kila shule na kila maktaba, na orodha itabandikwa getini na kusomwa redioni. Keti kwanza, unywe maji.

Haya, sasa salamu. Wifi yangu kipenzi, hujambo? Mjukuu wako hajambo? Presha imeshuka? Ningekupigia simu lakini namba yangu huipokei, basi nimekumbuka kwamba barua wewe huwezi kuacha kuifungua, mwalimu ni mwalimu tu. Sisi huku wazima. Kaka yako goti linamsumbua, lakini bado anazunguka na begi lake la spana kuziba mabomba ya watu, na bomba la jikoni kwetu linavuja kama kawaida. Saluni inakwenda. Nimeongeza kiti cha tatu, kile cha kuzunguka.

Sasa nikueleze vizuri, maana hili ni la kujivunia na mimi najivuna wazi, sijifichi. Kila mwaka likizo ndefu ikikaribia, maktaba kuu hutoa orodha ya vitabu vya kupendekeza. Vipo vya watoto wa kusomewa, vya wanaoanza kusoma wenyewe, vya vijana, vya watu wazima, na vya wazee, vile vya maandishi makubwa. Kila umri una mafungu yake: upelelezi, mapenzi, safari, maisha ya kweli, hadithi za kubuni. Mwaka huu kazi yote kapewa mkutubi mmoja, na huyo mkutubi alitoka kwenye tumbo hili.

Ana sheria yake mwenyewe. Hakuna kitabu kinachoingia kwenye orodha kabla hakijasomwa kwa sauti mbele ya watu wa umri wake. Vya watoto vinasomwa mkekani; mtoto mmoja akianza kumvua mwenzake viatu, kitabu kimeanguka. Na vya watu wazima vinasomwa wapi? Kwangu saluni! Mteja anayesubiri zamu anasoma, mimi nasuka, anayesukwa anasikiliza. Akimaliza kusukwa akainuka katikati ya sura, kitabu kimeanguka. Akibaki kitini na kichwa chake kimekwisha, kimepita. Juzi kuna mama kasukwa, kalipa, kisha akarudi kukaa, eti asikie muuaji ni nani. Nilimwambia, "Dada, kiti kinataka kichwa kingine." Akasema, "Kichwa kingine kisubiri, huyu mpishi simwamini hata kidogo."

Na jina la Mchwa, unakumbuka ulilitoa wewe? Ile likizo aliyokaa kwako nilipolazwa hospitali. Ulisema mtoto gani huyu, anatafuna karatasi kama mchwa. Basi jina limekaa. Ofisini wamemwandikia kwenye kikombe chake cha chai.

Kwa umri wako, wifi, na kwa hali yako, nakupendekezea riwaya moja iliyopita hapa kwetu kwa kishindo. Ni ya mwanamke aliyeficha funguo miaka mingi mpaka akasahau alifungia nini. Nimekutumia. Mjukuu wako nimemtumia cha mbuzi anayekataa kuingia bandani, atacheka mpaka adondoke. Yule sina ugomvi naye.

Mimi wifi yako, mama yake Mchwa.


21 Machi

Kwako wifi,

Salamu. Mimi ni mzima, presha iko katika kiwango kinachokubalika. Barua yako imefika ikiwa na habari mwanzoni na salamu katikati. Nilipokuwa Mwalimu Mkuu ningeirudisha.

Nimefurahi kwa binti yetu. Nasema binti yetu kwa makusudi, kwa maana malezi yake mimi pia nilishiriki. Kuhusu hilo jina la utani, sikumbuki kulitoa.

Riwaya ya yule mwanamke wa funguo nimeisoma. Sikuelewa ni kwa nini umeona inanifaa. Mjukuu amekipenda cha mbuzi na sasa anakataa kuingia bafuni.

Nami nina habari yangu. Tangu nistaafu nimekuwa nikiandika, na kitabu changu kimetoka. Kinaitwa "Nilivyowalea". Ni maisha yangu ya kweli, na namna nilivyowalea watoto wangu, wa ndugu zangu na wa shule nzima. Maboksi yamejaa sebuleni kiasi kwamba wageni wanayakalia. Padri amekisifu kabla hata hajakifungua.

Ninaamini binti yetu ataona kinafaa kuingia katika orodha, fungu la maisha ya kweli, watu wazima. Namtumia nakala moja kwa kupitia kwako. Sitaki upendeleo. Nataka tu kisiachwe.

Msalimie kaka yangu. Mwambie afunge goti kwa bendeji.

Wifi yako,
Mwalimu Mkuu (mstaafu).


16 Aprili

Wifi yangu,

Usione kimya ukadhani nimekufa, niko hai na nanenepa. Wiki mbili hizi zilikuwa za maharusi, unajua mwenyewe: bibi harusi mmoja, mashangazi kumi, na kila shangazi anataka kichwa chake kimshinde bibi harusi. Vidole vimekuwa kama vya kuazima. Kaka yako anakusalimu. Bendeji kafunga, kisha kaifungua akazibia bomba lililopasuka la jirani. Goti limerudi kama lilivyokuwa ila jirani ana maji.

Mchwa wangu anakwenda mbio. Fungu la vijana limemtesa. Vijana wanakataa kila kitu chenye mafunzo mwishoni, wanasema mafunzo wanayapata bure nyumbani. Mwishowe wamepitisha cha upelelezi, shule ambayo kengele yake imeibiwa na hakuna anayejua saa ya kwenda nyumbani, na kimoja cha mapenzi ya nesi na dereva wa gari la wagonjwa. Hicho cha nesi na mimi nilikichukua. Nilikiambia kiti cha tatu kisinisubiri.

Kitabu chako kimefika. Kina jalada zuri, umetoka vizuri kwenye picha, hiyo miwani mipya? Nilimpelekea mwanangu, akakigeuza huku na huku, akasema, "Mama, sheria ni ile ile hata kwa shangazi. Kipeleke saluni." Basi kiko hapa juu ya kabati la mafuta, zamu yake ikifika kitasomwa.

Wakati tunasubiri, nina swali dogo tu, wifi. Mwaka ule mwanangu alikuja kwako na zawadi zake za shule. Vitabu vitatu, vipya, vyenye muhuri na jina lake, alivyopewa kwa kuwa wa kwanza. Nilimfungia mwenyewe kwenye mfuko kabla sijakwenda kukatwa tumbo. Aliporudi kwangu alikuwa na nguo zake zote, soksi zake zote, hata kile kitana kilichovunjika. Vitabu havikuwemo.

Vilikwenda wapi?

Mimi najua. Nakuuliza wewe kwa sababu nataka kukusikia.

Kwa umri wako mwezi huu nakupendekezea cha bustani. Kina picha nyingi. Kuna sura nzima ya namna ya kufukua vitu vilivyozikwa bila kuumiza mizizi.

Mama yake Mchwa.


24 Aprili

Kwako wifi,

Salamu. Natumaini nyote ni wazima. Mjukuu ameanza kusoma mwenyewe, anasoma hata maandishi ya kwenye sabuni.

Pamoja na barua hii utapata kitambaa cha gauni. Rangi hiyo itakufaa ukiwa kazini, haionyeshi mafuta.

Naomba kujua orodha itafungwa lini, na kama kitabu kimeshasomwa.

Mambo ya likizo za watoto ni ya zamani mno. Cha bustani nimempa jirani.

Mwalimu Mkuu (mstaafu).


20 Mei

Wifi yangu wa pekee, kimepita!

Nimeanza na hilo ili presha isikupande. Sasa hamjambo huko? Sisi hatujambo. Kitambaa nimekipokea, kizuri, nimemshonea kaka yako mfuko wa spana.

Nikusimulie kilivyopita. Ilikuwa siku ya mvua, saluni imejaa, hata wasio na nywele za kusukwa waliingia. Aliyesoma ni karani wa posta, sauti yake kama ya redio. Aliyekaa kitini ni muuza samaki, na yule mama, nikwambie, hakai bure popote. Hakuinuka. Alicheka kwenye sura uliyowapanga wanafunzi kwa urefu wa kucha. Alicheka ulipomfukuza mkaguzi kwa sababu viatu vyake vilikuwa na vumbi. Unaandika kama unavyosema, wifi, mtu anajikuta amekaa wima bila kuambiwa. Huo ni ufundi na mimi sina choyo, nakupa haki yako.

Kisha tukafika sura ya saba. "Msichana wa Kaka Yangu."

Karani akasoma namna msichana huyo alivyofika nyumbani kwako akiwa hapendi kitabu hata kukiona. Namna ulivyomkalisha mezani kila jioni. Namna ulivyompa vitabu kwa mkono wako, kimoja baada ya kingine, mpaka moyo wake ukawaka, na namna alivyolia siku ya kuondoka kwa kukushukuru. Muuza samaki akafuta macho. Akasema, "Kumbe kuna mashangazi wa namna hii duniani."

Mkono wangu ulisimama. Nilikuwa nimeshika nyuzi tatu na sikujua ipi inapita wapi, mimi ninayesuka tangu nikiwa mtoto. Karani akauliza, "Mama, vipi?" Nikasema, "Soma, mwanangu. Soma mpaka mwisho." Akasoma. Nilifumua mstari mzima nikauanza upya.

Kilikuwa mkononi mwangu, wifi. Ningesema tu watu waliinuka, kikaanguka, na wewe ukabaki unakalia maboksi. Sikufanya hivyo. Watu hawakuinuka, kwa hiyo nimemwambia mwanangu ukweli: kimepita. Nimemwambia tu asome sura ya saba mwenyewe kabla hajakipangia fungu.

Na kuna utaratibu wao mmoja hukuujua. Mwandishi wa hapa mkoani kitabu chake kikichaguliwa, anaalikwa siku ya kufungua likizo pale ukumbi wa maktaba, kusoma mbele ya watu ile sura iliyopendwa zaidi na waliokionja. Wateja wangu wamepiga kura. Ya kwako ni ya saba.

Wewe shona nguo. Alika watu. Alika wote.

Mama yake Mchwa.


28 Mei

Kwako wifi,

Salamu nyingi sana kwako, kwa kaka yangu, na kwa binti yetu mpendwa, mkutubi!

Kwa kweli sikutegemea. Nakiri nilikuwa na wasiwasi kwamba ungeweka mbele mambo madogo madogo. Umeonyesha ukomavu. Muuza samaki huyo ni mwanamke mwenye akili, mpe nakala moja kwa niaba yangu.

Nimeanza mazoezi ya kusoma mbele ya kioo. Nimeshona suti ya rangi ya kijivu. Nimemwalika padri, walimu wote waliokuwa chini yangu, mkaguzi mstaafu (si yule wa viatu), wanakwaya, na majirani wote wa mtaani, wa sasa na wa zamani. Mwanangu anafunga kliniki yake ya meno siku hiyo ili aje. Tumekodi basi.

Sura ya saba imechaguliwa vizuri. Mimi pia huipenda.

Mjukuu anaomba kitabu kingine cha mbuzi.

Wifi yako akupendaye,
Mwalimu Mkuu (mstaafu), mwandishi.


15 Juni

Wifi,

Orodha imebandikwa leo kwenye geti la shule yangu ya zamani. Nilikwenda nikiwa na walimu wanne na mpiga picha. Nilitafuta kwenye fungu la maisha ya kweli, watu wazima. Sikuwemo. Nilitafuta mara ya pili kwa miwani ya kusomea. Sikuwemo.

Mlinzi wa geti ndiye aliyeniita. "Mwalimu, si hiki hapa cha kwako?" Kidole chake kilikuwa kwenye hadithi za kubuni. "Nilivyowalea", hadithi ya kubuni, watu wazima. Kiko kati ya kile cha jini anayeuza magodoro na kile cha mji ulioko chini ya ziwa.

Mlinzi akasema, "Hongera, sikujua una kipaji cha kutunga."

Mpiga picha alikuwa ameshapiga.

Haya ni makosa ya ofisi na nataka yarekebishwe kabla orodha haijasomwa redioni. Nimempigia binti yako kazini. Amenisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo shangazi," kisha akasema kitabu amekipanga mwenyewe na anamwachia mama yake anieleze.

Basi eleza.


20 Juni

Wifi yangu,

Hujambo? Mjukuu hajambo? Nimemtumia cha pili cha mbuzi, safari hii mbuzi anakataa kutoka. Kaka yako anakusalimu kwa mbali. Akiona barua yako mezani anachukua begi anakwenda kutafuta bomba, hata lisilovuja.

Umesema nieleze. Naeleza.

Nilipotoka hospitali mwanangu alirudi kwangu akiwa amebeba kifurushi ndani ya blauzi. Nilikifungua. Karatasi zimekunjamana, zimejaa mafuta na chumvi, kila moja ina alama ya kuzungushwa kama koni. Nilimuuliza ni nini, akasema, "Kitabu changu, mama."

Siku moja ulimtuma dukani, na pale kona akajinunulia karanga. Alipomwaga karanga mkononi akaona anaisoma karatasi. Akaisoma mpaka chini. Ilikuwa ukurasa wa kitabu chake, kile cha msafiri wa jangwani. Akamuuliza mama wa karanga kaitoa wapi. Mama wa karanga akamwambia, "Mwalimu Mkuu kaniletea rundo zima, Mungu ambariki, karatasi safi sana." Mtoto akanunua koni nyingine. Kila senti aliyoipata tangu siku hiyo ilikwenda kwenye karanga. Alikula karanga mpaka akapata vipele. Alisimama pembeni akiwaomba watu wazima wasizitupe karatasi zao. Alipata nyingi, lakini nyingine zilikuwa zimeshakwenda na watu wengine majumbani mwao, na mwisho wa kile kitabu hakuupata. Hajui msafiri alifika au alikufa kiu. Vile viwili vingine hakuona hata jani.

Nikwambie na jambo ambalo sijamwambia mtu. Zile karatasi tulizipiga pasi. Mimi na kidonda changu tumboni, nimeketi, napiga pasi karatasi za karanga, na yeye anazipanga. Nilikuwa nakutukana kila pasi ikipita. Nilitukana mpaka makaa yakapoa.

Najua na sababu. Mwaka ule mwanao alirudishwa darasa, na wangu alikaa mezani kwako akisoma kwa sauti. Ungeniambia hilo tu, wifi, ningekuelewa, mimi pia ni mama. Ningekuja kumchukua mtoto na mshono wangu mbichi. Lakini hukusema. Ukanyamaza mpaka mvi zikaota, kisha ukaandika kitabu kwamba ulimpa vitabu kwa mkono wako.

Na sikiliza vizuri, la kukiweka kwenye hadithi za kubuni halikutoka kwangu. Mimi nilikuwa natafuta baya zaidi, nilishaanza kuwaza gari la matangazo lenye spika. Ni yeye mwenyewe. Alikisoma ofisini kwake, akafunga mlango, akatoka, akaniambia, "Mama, ni kitabu kizuri, watu watakifurahia likizo. Ila mimi nilikuwepo." Akakiweka anapoona ni mahali pake. Hivyo tu. Hata sauti hakupandisha. Mimi ndiye niliyepiga vigelegele mpaka mlinzi wa maktaba akaja.

Mama yake Mchwa.


26 Juni

Kwako wifi,

Nyumba yangu ilikuwa na utaratibu. Karatasi zilizozagaa ziliondolewa. Sikumbuki zaidi ya hapo na sioni sababu ya kukumbuka.

Nimeamua kitabu changu kitolewe katika orodha. Mimi pia sitafika siku hiyo. Wageni wangu nitawaeleza kwamba presha imepanda.

Mwambie kaka yangu anipigie. Mwambie aache mabomba.


1 Julai

Wifi yangu,

Salamu zako zilisahaulika safari hii, lakini mimi sijasahau zangu. Hujambo? Mjukuu je? Kaka yako nimemsomea barua yako yote, neno kwa neno, akiwa amelala chini ya sinki. Kakaza nati moja. Kisha kasema, "Mwambie dada aje." Spana ikaendelea. Kwa mtu kama kaka yako hiyo ni hotuba.

Karatasi ziliondolewa. Nilicheka, wifi. Ziliondoka zenyewe? Zilivaa viatu? Muuza samaki alipokuwa kitini nilimsomea, sasa anajua yote, na ile nakala yako bado anaitaka. Anasema anataka kuona utakavyosoma.

Kutoa haiwezekani. Redio imeshasoma orodha yote juzi jioni, umri kwa umri. Wamekusifu. Mtangazaji amesema, "Hadithi ya kubuni ya kusisimua kuhusu shangazi mwenye moyo wa dhahabu." Nilikuwa namsuka mwalimu wa chekechea, tukashikana mikono.

Na presha acha kuisingizia. Wageni wako wanakuja hata usipokuja. Padri ameshampigia mwanangu kuuliza maegesho ya basi. Mwanao, daktari wa meno, kaandika anataka kiti cha mbele. Yule mama wa karanga nilimtafuta mwenyewe, siku hizi ana duka la jumla, anakuja na wajukuu. Nimefunga saluni. Viti vyote vitatu tunavibeba, maana ukumbi hautatosha.

Sasa neno la mwanangu, nalileta kama alivyolisema, mimi sijatia chumvi, na unajua kutotia chumvi kunavyoniuma. Alisema: "Shangazi akija, akasoma ile sura, kisha akasema ilivyokuwa, nitahamisha kitabu chake siku hiyo hiyo kwenye maisha ya kweli, mbele ya watu, kwa mkono wangu." Nilimwambia ni huruma kupita kiasi. Akasema si huruma, ndiyo kazi yake, kila kitabu kikae panapostahili. Mimi nisingekupa nafasi hiyo. Ningekuacha na jini wa magodoro mpaka mwisho wa dunia. Lakini aliyenyang'anywa ni yeye, basi mimi naandika tu.

Uamuzi ni wako. Unaweza kusimama na suti yako ya kijivu ukasema kwa mdomo wako ulivifanyia nini vitabu vya mtoto, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi, nitapiga mpaka viganja viwake, kisha nitarudi nyumbani nilie. Unaweza kusoma kama ulivyoandika, na yeye ameketi mbele yako mikono mapajani, anakutazama. Hatakuuliza kitu. Watoto wa mkekani ndio huuliza, na wale hawana adabu.

Na usipotokea kabisa, sura ya saba nitaisoma mimi. Nimeomba na nimekubaliwa. Unajua ninavyosoma, wifi, polepole, kidole chini ya kila neno, na sauti yangu ni ya kuitia wateja barabarani. Kila neno litasikika. Nikifika mwisho nitafunga kitabu, na kabla sijakaa nitawaambia watu sehemu iliyobaki.

Ni Jumamosi, tarehe kumi na moja Julai, saa tatu asubuhi, ukumbi wa maktaba kuu. Watu wote wanakuja.